Mkonge Kushoto, Milima Kulia

Nilikaa dirishani upande wa kulia makusudi, nione Usambara ikijitokeza basi linapokaribia Muheza. Pembeni yangu alikaa mzee mwenye kofia ya viua, anakwenda Korogwe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Unaitazama hiyo milima kama umeahidiwa kitu.”

Nikamweleza. Miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walikwea huko juu, upande wa Amani, wakapanda kahawa wakijua wameokota embe chini ya mnazi. Siwacheki. Msitu ule ulivyo wa kijani, na mvua zake, hata mimi ningedanganyika. Kumbe udongo wenyewe ni maskini: rutuba imo kwenye miti na majani yanayooza juu juu. Wakafyeka, kahawa ikachangamka kidogo, kisha ikanyong'onyea. Huku chini wengine walipanda mpira, nao ukafa kibiashara 1913, mpira wa Asia ulipoporomosha bei.

“Na mkonge je?” aliuliza mzee, kidole kikielekea dirisha la kushoto, ambako mistari ilikuwa imenyooka mpaka macho yanachoka. “Huo haudeki. Hata kwenye mawe unaota.”

Kweli haudeki. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyosalimika ikapandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Jua la nyanda hizi, ambalo kahawa isingelistahimili, kwa mkonge ni hali ya kawaida.

Kumbe mzee alifanya kazi kwenye korona, mashine ya kuparua majani, miaka mingi. Yeye ndiye aliyenifumbua macho. Jani la mkonge ni maji matupu. Katika kilo 100 nyuzi unazopata ni kama kilo 4. Nani atasafirisha maji mpaka bandarini? Tena likichelewa likaanza kukauka, nyuzi hazitoki vizuri. Kwa hiyo kiwanda kinakaa shambani, vireli vya matoroli vinakifuata, na maji ya kuoshea lazima yawe jirani.

“Na watu?” nikauliza.

“Watu walitoka mbali. Baba yangu alitoka Kigoma. Manamba, kibarua wa mkataba. Jina lake lilibaki nyumbani, huku alikuwa namba.”

Akanyamaza mpaka Korogwe. Reli iliyoanzia Tanga 1893 ilifika hapo 1902, na Mombo 1905. Mzee alishuka na kikapu chake, akaniachia karanga.

Mombo joto lilikuwa la kuchemsha chai. Barabara ya Lushoto inaanzia hapo, kilomita 33 za kona, na pale stendi meza zilijaa karoti, kabichi na mapeasi yaliyoteremshwa kutoka kwenye baridi. Nikamuuliza dada muuzaji kama mapeasi hayaoti hapo hapo Mombo.

“Hapa, kaka, tunaota jua tu,” akasema, akanirudishia chenji.