Siku yangu moja na vinyama, Mwanza

Saa 11 na nusu alfajiri niko kwenye daladala ya Igoma, saa 1 nishavaa koti. Watu wakisikia niko maabara wanajua napima malaria. Hapana, mi nakata vinyama. Ukitolewa kipande cha uvimbe kinaletwa kwangu kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, usiku kinalala kwenye mashine ya kukiandaa, asubuhi nakizamisha kwenye nta, nakikata unene wa maikroni 3 au 4, yaani elfu za milimita, kinaelea kwenye maji ya uvuguvugu kama utando wa maziwa ndo nakiopoa na slaidi. Pumua vibaya tu kimejikunja, unarudia.

Leo umeme ulikatika usiku, mashine ikaishia njiani, basi nikaanza upya na vyote.

Saa 6 kashuka meli ya Nansio, Ukerewe, kaka mmoja mvuvi, hata salamu ya mwangaluka hakuna. "Dada mmekaa na kinyama cha mzee wiki mbili na dawa ya saratani ZOTE imeshapatikana!" Ananisogezea simu, klipu inasema wanazima telomerezi. Sasa klipu haidanganyi yote, ndo maana inaudhi. Nikamuuliza, kamba ya manila ukikata unafanyaje? Akasema, nachoma ncha na kiberiti isifumuke. Nikamwambia ee, kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, nazo zina ncha hivyo, seli ikigawanyika ncha inapungua, ikiisha seli inakoma kugawanyika, ila saratani nyingi, kama tisa kwa kumi, zimewasha telomerezi, kimeng'enya kinachorefusha ncha kila siku. Wanasayansi waliigundua kwa kijidudu cha madimbwini mwaka 1984, wakapata tuzo ya Nobel 2009. Akacheka kidogo. Dawa ipo kweli, imetelstati, Marekani wameiruhusu Juni 2024, dripu ya saa mbili kila wiki 4, lakini ni ya watu ambao uboho wao hautengenezi damu vizuri wanaishi kwa kuongezewa damu. Saratani ya mapafu walijaribu, haikusaidia cha maana, labda kwa sababu hata ukiizima leo seli inagawanyika mara nyingi sana ndo ncha ziishe, na uvimbe haukusubiri.

"Kwa hiyo mzee ana nini?"

Ndo hicho sijui kaka, na kinyama cha shingo yake bado kiko kwenye nta, na wewe umenishika hapa dakika 40!!

Chai sijanywa. Mgongo na shingo vinaniuma, sijui saa ngapi tena, ofisi zingine zishafungwa. Cha mzee kikakatika vipande vinne mfululizo, utepe safi kabisa, nimekiweka juu ya trei ya daktari aanze nacho kesho. Kaka kalala kwa shemeji yake Kirumba, namba yake nimeiandika kiganjani.