Kuitafuta Lindi ya zamani pembeni mwa picha

Ukiwa na picha ya zamani ya Lindi na unataka kujua ilipigiwa wapi, jengo lililokaa katikati liache kwanza. Jengo huezekwa upya, huzibwa madirisha, huongezewa fremu za maduka mbele, na mwisho hubomolewa. Tazama pembeni: mgongo wa kilima unaochungulia juu ya paa, mbuyu, kipande cha ukuta kilichokatwa na ukingo wa picha, kivuli cha mtu aliyesimama barazani. Mimi nimezipata nyumba nyingi kwa vitu hivyo, na chache mno kwa kuitambua sura ya nyumba yenyewe.

Kazi yangu ni steshenari. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, natia vyeti plastiki. Watu huniletea picha za wazazi wao zilizoliwa na mchwa, wanataka nizisafishe na kuzikuza. Nyuma ya wale wazazi nikawa naona ghorofa, roshani za mbao, milango ya nakshi ambayo sijawahi kukutana nayo mjini hapa, na mimi nimezaliwa hapa hapa. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza.

Picha za enzi ya Mjerumani nyingi ziko Ulaya, ila siku hizi huhitaji kupanda ndege. Chuo Kikuu cha Frankfurt kimeweka mtandaoni hazina ya picha za iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani. Bundesarchiv, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, tangu 2008 imeruhusu makumi ya maelfu ya picha zake kuwekwa Wikimedia Commons, hazina huru ya picha mtandaoni, zikiwemo za Walther Dobbertin, aliyezunguka na kamera yake huku kwetu kabla ya Vita vya Kwanza na wakati wa vita vyenyewe. Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern wana mkusanyiko wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya miaka ya 1860 na 1960. Ukitafuta, andika Lindi pamoja na “Deutsch-Ostafrika”, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, maana waliozihifadhi ndivyo walivyoziandika. Jaribu na Mikindani pia, mji wa pwani ulio kusini yetu, kwani maelezo ya chini ya picha si ya kuaminiwa sana. Aliyepiga alikuwa mpita njia, aliyeandika maelezo alikuwa Ulaya, na miji hii miwili kwa mtu aliye mbali ni minazi, chokaa na bahari tu.

Kinachonisikitisha ni kwamba picha hizo zilichagua cha kuonyesha. Boma, ile ngome ya serikali ya Mjerumani, zimelipiga mbele, ubavuni na kutoka baharini. Nyumba za makuti walimoishi wenyeji walio wengi zinaonekana kwa bahati tu, pale kamera ilipokosa nafasi ya kuzikwepa.

Boma lenyewe halikunisumbua, maana magofu yake yapo na mizizi imeshika kuta. Kazi ilikuwa kupata pale aliposimama mpiga picha. Njia niliyoitumia ni hii. Chapa picha kwenye karatasi ya A4, nenda nayo mahali unapodhani. Chagua vitu viwili vinavyopishana, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali. Mimi nilikuwa na kona ya ukuta na vilima vya Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Ukisogea hatua moja kulia, kona hukimbilia kushoto na kilima hubaki palepale. Ukienda mbele, kona hukua na kilima hakiongezeki. Basi unasogea, unatazama karatasi, unasogea tena, mpaka kona na kilima vikutane kama vilivyokutana kwenye picha. Usisahau na kimo: kamera zile zilisimikwa kwenye miguu mitatu ya mbao, mara nyingi usawa wa kifua, na nyingine zilipigiwa roshani au sitaha ya meli. Kwa zile za baharini nilipanda chombo cha kwenda Kitunda, nikajibanza ukingoni na karatasi yangu. Abiria walinicheka, lakini mji kuuona kutoka majini, huku Mtanda ikiinuka nyuma yake, ndiko kunakokuonyesha kwa nini waliujenga hivyo: kila jengo kubwa lilielekezwa bahari, na bahari ndiyo iliyokuwa barabara kuu.

Vivuli navyo husema. Lindi iko karibu kabisa na nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Jua la saa sita mchana hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na kwenye wiki ya tatu ya Oktoba. Katikati ya tarehe hizo, tangu Machi mpaka mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini na kivuli huanguka kusini. Novemba mpaka Februari mapema ni kinyume chake. Kwa hiyo kama jengo umeshalijua limeelekea wapi, kivuli kifupi kitakuambia musimu. Na nyumba iliyoelekea bahari ikiwa uso wake unang'aa, picha ni ya asubuhi. Hesabu hii ndiyo iliyonionyesha kwamba picha fulani ya mtaa wa maduka ilichapwa kinyume, kushoto kukawa kulia. Jambo hili lilitokea sana kwa picha zilizopigwa kwenye vioo badala ya filamu. Kabla ya kuhangaika na jua, angalia maandishi ya duka na vifungo vya shati la mwanamume. Shati la mwanamume hufungwa upande mmoja, basi likionekana limefungwa upande wa pili, kioo kimegeuzwa.

Picha ninazozirudia mara kwa mara ni za mizigo ya Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima hicho kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wetu. Wachimbaji walikuwa wenyeji, na Boheti bin Amrani ndiye aliyekuwa msimamizi wao. Zaidi ya tani 200 zilibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hivi mpaka Lindi, zikapakiwa melini kwenda Berlin. Mjusi mmojawapo amesimamishwa huko makumbushoni, kimo chake mita 13 na ushei. Wengine wanazitazama picha hizo kwa ajili ya mifupa, mimi nazitazama kwa ajili ya ukuta ulio nyuma ya wapagazi. Miaka michache kabla yao, 1906, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alishukia Lindi na kamera na mashine ya kunasa sauti, akakata kwenda Masasi na Newala. Kwa hiyo kwa mji mdogo kiasi hiki tumepigwa picha nyingi kupita kiasi. Masikini sisi tuliopigwa hatukubakishiwa hata moja.

Kwa wazee nilikwenda na picha za miaka ya 1950 kwanza. Ukimpa mzee aliyezaliwa miaka ya arobaini picha ya 1908 atakuambia ni ya Mjerumani na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Tena hapa kwetu kila nyumba yenye ukuta mnene huitwa ya Mjerumani, wakati nyingi ni za wafanyabiashara Wahindi na Waarabu, na baadhi ya zile za Wahindi zina mwaka uliochorwa kwa saruji juu kabisa ya paji lake, ukiinua macho unausoma.

Halafu usiulize “hili jengo gani?” Uliza palikuwa panauzwa nini. Mzee mmoja wa Rahaleo, nilipomwamkia na kumpa karatasi yenye picha iliyoandikwa kuwa ni ya posta, aliigeuza juu chini kwanza.

“Hapa palikuwa panauzwa nini, babu?”

“Mafuta ya taa. Na upande huu, mjukuu wangu, palikuwa na fundi cherehani, tukishona kanzu za Iddi. Sasa we unaniambia ni posta? Posta gani?”

Kwa mafuta ya taa na cherehani tukaipata nyumba. Msingi wake upo, umejengewa vibanda.

Wazee hao hupanga miaka kwa tufani. Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji huu, na mpaka leo utasikia “hiyo ni kabla ya tufani”, hata kwa wale walioisikia kwa mama zao tu. Mwaka huohuo makao makuu ya Jimbo la Kusini yakahamishiwa Mtwara. Mtwara ilikuwa imechipuka kwa ule Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ukatuachia bandari ya kina kirefu kule Mtwara na reli ya Nachingwea ambayo nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nikizipanga picha kwa miaka naona wazi kwamba nyumba za Lindi hazikuuawa na upepo. Nyumba iliyopoteza mabati huezekwa, ikiwa mwenyewe ana biashara ya kumrudisha. Biashara ilipohama, paa halikurudi. Kisha 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, wenyewe wengi wakaondoka, na mpangaji wa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyosimamia majengo hayo, hakuwa mtu wa kutengeneza roshani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huvumilia mengi, lakini boriti za mikoko zikishanyeshewa misimu kadhaa dari hushuka, na dari ikishuka kuta hufuata.

Nenda Mikindani uone upande wa pili. Kule boma la 1895 lilikuwa gofu kama letu, shirika la hisani la Kiingereza liitwalo Trade Aid likalifufua na kulifanya hoteli. Lakini nyumba za kawaida za Mikindani, za ghorofa moja zenye roshani, zilizosimama ni zile zilizobaki na watu ndani. Picha ya zamani ya mtaa wa Mikindani unaweza kuilinganisha mlango kwa mlango. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, na kipimo hicho kimenisaidia sana: ukijua upana wa chumba, unaweza kukisia upana wa nyumba nzima iliyobaki msingi tu.

Neno moja kwa wanaotia rangi picha za zamani kwa programu za simu. Nawaomba waache, au waweke ile ya asili kando. Nimeletewa picha ya ghorofa ambayo programu ilikuwa imeipa nondo za madirisha na vioo, vitu ambavyo haikuwa navyo, na minazi ikageuzwa miti ambayo haioti pwani. Kwa mtu anayetafuta kona ya ukuta, picha hiyo ni kazi bure. Ramani za satelaiti ni nzuri zaidi: msingi uliozama majanini huonekana mstari ulionyooka wakati wa kiangazi. Ukienda kupiga picha yako ya leo karibu na bandari, polisi au ofisi ya serikali, omba ruhusa kwanza.

Kwa sasa nimeziacha hifadhi za Ulaya, nimehamia albamu za harusi. Miaka ya 1960 na 1970 watu wa Lindi walipiga picha mbele ya nyumba nzuri kuliko zote mtaani, hata kama si yao, na nyuma ya bi harusi kuna mlango, namba, kibao cha duka, na wakati mwingine ghorofa ya jirani nzima nzima. Mji wenye watu wake ndani umo humo. Picha hizo zimegandishwa kwa gundi, ukizibandua zinachanika, kwa hiyo naupiga ukurasa wote ukiwa ndani ya albamu, kando ya dirisha lisilopigwa na jua, simu ikiwa sambamba na karatasi. Kisha namuuliza mwenye albamu majina ya waliosimama, nayaandika palepale, na albamu naiacha nyumbani kwake.