Namna Nilivyopima Bei ya Lenzi za Tundu Pana Nikiwa Moshi

Kamera ninazozipenda ni za renjifainda, yaani zile ambazo mpiga picha halengi kupitia lenzi yenyewe bali kupitia kidirisha cha pembeni, ambamo huona taswira mbili na kuzungusha lenzi mpaka zilingane na kuwa moja. Mchana mimi ni mhasibu hapa Moshi. Jioni na mwisho wa wiki napiga picha za ibada, sendofu, na nikipata nafasi napanda hadi Mamba, kule mlimani, kuwapiga picha wahunzi wakiwa mbele ya tanuri. Sehemu kubwa ya kazi hizo hufanyika mahali penye mwanga hafifu na ambapo flashi ingekuwa utovu wa adabu, kwa hiyo ilikuwa kawaida tu kwamba nilianza kuzitamani lenzi ambazo tundu lake hufunguka hadi f/1.2, f/1.0 au hata f/0.95 (namba hiyo ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi). Bei zake ndizo zilizonirudisha kwenye daftari la uhasibu.

Lenzi ya Leica, kampuni ya Kijerumani, iitwayo Noctilux, yenye milimita 50 na tundu la f/0.95, huuzwa ikiwa mpya kwa zaidi ya dola 10,000. Nokton ya Voigtländer ya f/1.2, inayotengenezwa Japani na kampuni ya Cosina, ilitoka mwaka 2018 kwa takribani dola 1,000. Kuna pia 7Artisans ya f/1.1 kutoka Shenzhen, iliyoingia sokoni kwa chini ya dola 400. Zote tatu ni za milimita 50, na zote huingia katika kiungio cha M ambacho Leica ilikianzisha mwaka 1954 kwa kamera ya M3. Kati ya hiyo ya Shenzhen na Noctilux bei imepanda zaidi ya mara 25, ilhali mwanga umeongezeka kwa chini ya nusu hatua (hatua moja ni mwanga kuongezeka maradufu). Mtu akiishia hapo atasema kwamba wanunuzi wa Noctilux wamerogwa. Mimi sikutaka kuishia hapo, kwa sababu bei ya namna hiyo haidumu kwa miongo mingi bila kuwa na kitu kinachoishikilia.

Sehemu ya kitu hicho ni ugumu halisi wa kuitengeneza. Lenzi ya milimita 50 yenye f/2 huhitaji mlango wa mwanga wenye kipenyo cha milimita 25; ile ya f/0.95 huhitaji karibu milimita 53. Vioo vinakuwa vizito, na kasoro ya miale ya pembezoni kutokutana na ya katikati mahali pamoja huongezeka kwa kasi kubwa zaidi kuliko kipenyo chenyewe: ukilipanua tundu mara mbili, kasoro hiyo katika umbo lake la msingi hukua mara nane. Ndiyo maana Noctilux ya kwanza, ya f/1.2 ya mwaka 1966, ilikuwa na nyuso mbili zisizo za duara kamili zilizosagwa kwa mashine iliyoongozwa kwa mkono, kazi ngumu na ya gharama kiasi kwamba iliyofuata mwaka 1976, ya f/1.0, iliyobuniwa na Walter Mandler katika kiwanda cha Leitz, jina la zamani la kampuni ya Leica, nchini Canada, iliziacha kabisa nyuso hizo na kutegemea aina za vioo vinavyopinda mwanga kwa nguvu zaidi. Hiyo iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2008, ilipopokelewa na ile ya f/0.95.

Sababu ya awali ya kuwepo kwa lenzi hizi ilikuwa filamu. Canon ilipotoa lenzi yake ya f/0.95 mwaka 1961 kwa ajili ya kamera ya Canon 7, filamu ya rangi ya Kodachrome II iliyotoka mwaka huohuo ilikuwa na kasi, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, ya 25 tu. Mtu aliyetaka picha ya rangi usiku bila taa ya ziada hakuwa na njia nyingi. Leo hali ni tofauti, na hapa ndipo hesabu yangu ilipoanza kuchukua sura. Katika mkesha wa Pasaka pale Kanisa Kuu la Kristo Mfalme, taa huzimwa na waumini hubaki na mishumaa mikononi. Uso ulioangazwa na mshumaa wa karibu, kwa lenzi ya f/2 na shata (muda wa kuingiza mwanga) ya sekunde 1/60, kwa kawaida hunitaka niweke kasi hiyo, ambayo leo huitwa ISO, kuwa 1600. Kwa lenzi ya f/1.0 ningetumia ISO 400. Kwa anayetumia filamu ya 400, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama picha ipo au haipo. Kwangu mimi, ninayetumia Leica M ya kidijitali ya kizazi kilichotangazwa mwaka 2012, ISO 1600 haina matatizo yoyote, na hata 3200 nakabidhi kwa mteja bila wasiwasi. Mwanga wa ziada, ambao ndio jina na sifa ya lenzi hizi, ulikuwa kitu cha bei ndogo kabisa katika hesabu yangu, kwa sababu kihisi cha kamera kilikuwa kimeshaulipia.

Kilichobaki, basi, ni sura ya picha: namna mandhari ya nyuma inavyoyeyuka na mtu akabaki peke yake. Hapo sikutaka kuamini maneno ya watu wala picha za matangazo. Kuna daktari mstaafu anayeishi mtaa wa Shanty Town hapa Moshi ambaye alinunua Noctilux ya f/1.0 alipokuwa masomoni Ujerumani, na ambaye tulifahamiana kupitia kwaya. Nilikwenda kwake nikamwamkia na kumweleza shida yangu. Alicheka, akaingia ndani, akarudi nayo ikiwa imefungwa katika kitambaa cha miwani.

“Chukua ukaitumie, mwanangu,” aliniambia, “lakini usiibane tundu. Ukiibana hadi f/4 utakuwa umebeba jiwe bure.”

Niliitumia kwa majuma kadhaa, na nililolijua kwa hesabu nikalijua kwa macho. Ukimpiga mtu aliye umbali wa mita moja, ambao ndio mwisho wa ukaribu wa lenzi hiyo, kwa tundu la f/1.0 eneo linaloonekana kali lina kina cha sentimita mbili na ushei tu. Jicho likiwa kali, sikio limeshapotea. Katika umbali wa mita mbili kina hicho hufika karibu sentimita kumi, na hapo ndipo niliona uzuri wake wa kweli: mhunzi wa Mamba akiwa amekunja uso kwa joto, cheche zimegeuka kuwa duara laini, ukuta wa nyuma haupo. Picha kama hiyo lenzi yangu ya f/2 haiwezi kuitoa. Nalisema hili wazi kwa sababu wako wanaodai kwamba tofauti ni ya kufikirika. Si ya kufikirika. Swali ni kwamba inatokea mara ngapi.

Kwa kamera ya renjifainda haitokei kirahisi. Ukali wa kulenga hutegemea umbali kati ya madirisha mawili ya kipimaumbali ukizidishwa na ukuzaji wa kidirisha cha kutazamia. M3 ya mwaka 1954 ilikuwa na kipimo cha takribani milimita 62 kwa hesabu hiyo. Kamera yangu ina 47 hivi. Maana yake ni kwamba kamera ya zamani ililenga kwa uhakika zaidi kuliko yangu, na kwamba lenzi yenye kina cha sentimita mbili inakaa ukingoni mwa kile ambacho kamera yangu inaweza kukipima, hata ikiwa imerekebishwa vizuri. Tena mtu hupumua, huyumba, hugeuza kichwa. Picha zilizokuwa kali pale nilipokusudia zilikuwa chache kuliko zilizokosa kwa kiasi kidogo, na kukosa kidogo kwa tundu hilo ni kukosa kabisa. Nilipoweka kidirisha cha kielektroniki juu ya kamera mambo yalikuwa bora, ila nilijiuliza kwa nini nitumie renjifainda kama nitaitazama dunia kupitia kioo cha umeme.

Mchana palikuwa na kikwazo kingine, ingawa hiki kina dawa. Jua la saa sita hapa Moshi, kwa ISO 200 na tundu la f/1.0, lingehitaji shata ya zaidi ya sekunde 1/50,000, na kamera yangu huishia 1/4000. Inabidi uvae filta ya kijivu inayopunguza hatua nne za mwanga. Filta hizo hazina bei kubwa. Basi tu ni kitu kimoja zaidi cha kuhangaika nacho.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikuliona likijadiliwa popote nilipotafuta, nalo ndilo lililoamua. Watetezi wa lenzi za bei kubwa husema kwamba Noctilux haipotezi thamani: unainunua, unaitumia kwa miaka, unaiuza kwa bei uliyoinunulia au zaidi, kwa hiyo ni kama umeitumia bure. Mhasibu yeyote ataikubali hoja hiyo kwa nusu, kwa sababu gharama ya mali ni tofauti kati ya unachotoa na unachorudishiwa. Nusu inayobaki ni swali la nani anakurudishia, na yuko wapi. Hoja hiyo ni ya kweli London, Tokyo na Vienna, ambako mnunuzi anaweza kushuka treni, akaishika lenzi mkononi, akalipa. Mimi niko Moshi.

Tuseme ninanunua Noctilux iliyotumika kwa dola 6,000. Ikifika forodhani nitalipa ushuru unaohusika na kundi lake la bidhaa, kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa juu ya bei, usafirishaji na bima pamoja na ushuru wenyewe. Tukiacha vyote vingine na kuhesabu asilimia 18 ya bei tupu, ni dola 1,080 kabla sijapiga picha hata moja. Fedha hizo hakuna mnunuzi atakayenirudishia. Siku ya kuuza, mnunuzi aliye Ulaya atanikata bei kwa sababu naye atatozwa kodi kwake, mnada utachukua kamisheni, na bima ya kusafirisha kioo cha thamani hiyo si ya kupuuza. Ikiharibika katikati, au ikihitaji kurekebishwa ili ilenge sawasawa, itabidi isafiri hadi Ujerumani na kurudi, ikiwa na karatasi zilizoandaliwa mapema ili ikirejea isitozwe kodi kama bidhaa mpya.

Linganisha na lenzi ya dola 1,000. Asilimia 18 yake ni dola 180. Chukulia mabaya, kwamba ikitumika itapoteza nusu ya thamani: hasara yote ni dola 680. Kwa maneno mengine, hapa kwetu lenzi inayopoteza nusu ya thamani yake ina gharama ndogo kuliko ile inayosemekana haipotezi hata senti. Nilipoiona tarakimu hiyo nilirudia hesabu, nikampa mwenzangu wa ofisini aikague bila kumwambia ni ya nini; naye alidhani ninanunua pikipiki.

Upande wa mapato haukuwa mgumu. Niliwaonyesha wateja wangu wa zamani picha mchanganyiko bila kuwaambia zilipigwa kwa lenzi gani. Za ibada na za watu mmojammoja walizipenda za tundu pana. Za sendofu walizikataa, na sababu ilikuwa ya maana: mama mzaa chema anataka mashangazi wote waliosimama nyuma yake waonekane, kila mmoja na kitenge chake, na picha iliyomweka mmoja wazi ikawafuta wengine ni chanzo cha ugomvi wa ukoo. Hakuna aliyekuwa tayari kuongeza malipo kwa ajili ya ukungu wa nyuma. Kwa hiyo sehemu inayobaki ya thamani ilikuwa starehe yangu mwenyewe, na starehe sina ugomvi nayo, ila niliiweka katika safu yake.

Nilinunua Nokton ya f/1.2. Ina uzito usiofika gramu 350, nusu ya Noctilux ya f/0.95 yenye gramu 700, na inakaribia hadi sentimita 70. Kati yake na f/1.0 upo mwanga wa nusu hatua hivi, na kina cha ukali kinachonipa nafasi kidogo zaidi mhunzi anapoinama. Ule ulaini wa kipekee wa lenzi ya daktari, hasa pembe za picha zinavyofifia taratibu kuelekea giza, haina, na siku nyingine huukumbuka. Wenzangu wa Arusha wanaopiga filamu nimewashauri vingine: kwa filamu ya 400 katika giza, mwanga wa ziada hauna mbadala, na kwao lenzi ya bei nafuu ya f/1.1 yaweza kuwa na maana kuliko yangu, mradi wawe na subira ya kuirekebisha wenyewe mpaka ilingane na kamera.

Nilipomrudishia daktari lenzi yake, aliniomba nimwandikie thamani yake, kwa kuwa alikuwa anaandaa wosia. Nilimpa karatasi yenye tarakimu mbili: moja ya mnada wa Ulaya baada ya kuondoa kamisheni, bima na usafirishaji, na nyingine ya kile ambacho wapiga picha wa Moshi na Arusha walikuwa tayari kulipa taslimu, ambayo haikufika robo ya ile ya kwanza. Aliisoma kwa miwani, akaniuliza aandike ipi. Nilimshauri aandike namba ya lenzi bila bei yoyote, na jina la mjukuu wake anayesoma Ujerumani, kwa kuwa huyo ndiye aliye karibu na soko.