Nilivyopaka rangi ya asili chumba cha mama

Kabla hata sijafungua mfuko wa rangi, nilichovya vidole kwenye maji nikaunyunyizia ukuta. Upande wa dirishani matone yalinywewa papo hapo, yakaacha madoa yaliyokoza. Upande wa mlangoni yalisimama kidogo, kisha yakatiririka hadi sakafuni. Ukuta ulikuwa umeshanipa jibu, ila sikulisikiliza, na ndiyo maana nusu ya kazi niliifanya mara mbili.

Mama alikuwa anahamia kwetu. Tangu nikiwa mdogo namjua: harufu ya rangi mbichi humuumiza kichwa kutwa nzima. Nikaamua chumba chake nikipake rangi ya maji ya asili, yaani ile isiyotegemea plastiki ya kiwandani ili ishike ukutani. Kinachoishikilia huwa ni protini ya maziwa iitwayo kaseini, au mafuta ya kitani, au utomvu wa miti, kutegemea mtengenezaji. Mwili wake ni chaki na udongo. Ila neno "asili" lisikufanye uache kusoma orodha ya viambato. Zipo zenye mafuta ya kitani au ya maganda ya machungwa, na hizo hunukia kwa siku kadhaa. Kwa sababu ya mama nilichukua ya kaseini, ya unga, isiyo na mafuta yoyote.

Unga huo unautia kwenye maji kidogo kidogo huku unakoroga, unauacha nusu saa ulainike, unakoroga tena. Nilichuja kwa kitambaa chepesi, na nashukuru, kwa maana mabuje yaliyobaki yangeacha michirizi ukuta mzima. Koroga kiasi cha kazi ya siku hiyo tu. Ni maziwa, huharibika.

Nilianza na upande wa dirishani, plasta tupu isiyowahi kuona rangi. Plasta hiyo ilikuwa na kiu kiasi kwamba brashi iligoma kuteleza. Nikaulowanisha ukuta kwa chupa ya kupulizia maji, nikaongeza maji kidogo kwenye rangi ya mkono wa kwanza, na kazi ikaenda. Nilipaka kwa brashi pana, mapigo mafupi yanayopishana kama herufi X, kutoka kona hadi kona bila kupumzika. Ukisimama katikati ya ukuta, pale ulipoachia pakauka, ule mstari hautauficha kwa urahisi.

Kisha nikaingiwa na hofu. Rangi ilikuwa kama maji ya chokaa. Plasta yote naiona chini yake. Nikarudia pale palipoonekana pepesi zaidi, nikarudia tena. Kumbe rangi yenye chaki nyingi ndivyo ilivyo: ikiwa mbichi, maji yamejaa katikati ya chembe na mwanga unapenya, maji yakishakauka hewa inachukua nafasi yake, na ukuta unafunikwa. Asubuhi upande wote ulikuwa umefunikwa vizuri, umetulia, rangi ya udongo wa manjano niliyoitaka, isipokuwa pale nilipohangaika. Pale palikuwa na mabaka mazito. Ilibidi niyasugue kwa msasa laini kabla ya mkono wa pili. Tangu hapo sikuihukumu rangi hii ikiwa mbichi.

Upande wa mlangoni ndio ulionivunja moyo. Nilipovuta tepu ya karatasi niliyobandika kando ya fremu, rangi ikaja nayo, ganda jembamba kama la kitunguu, upana wa kiganja. Nilimwita fundi mmoja ninayemheshimu. Akapitisha mkono pasipo na rangi mpya, kisha akaniambia, "Ndugu yangu, huku hakuna pa kushika." Chini kulikuwa na rangi ya zamani ya plastiki, yenye mng'ao. Rangi ya kaseini inataka ukuta unaonyonya. Juu ya mng'ao inakaa tu, haishiki.

Nikabandua yote iliyolegea, nikaosha kwa maji ya sabuni, nikaacha pakauke, nikapiga msasa namba 120 mpaka mng'ao ukafa. Hapa naomba mnisikilize: kama nyumba ni ya miaka mingi, usipige msasa rangi ya zamani mpaka ipimwe kama ina madini ya risasi, maana vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Baada ya hapo nikapaka praima, yaani rangi ya kutangulizia ili ile ya juu ishike, yenye chembe laini za mchanga, inayouzwa kwa ajili ya rangi za namna hii. Ukiigusa ikikauka ni kama unagusa msasa wenyewe. Mikono miwili ya rangi juu yake, na safari hii tepu ilitoka peke yake.

Mama alipofika, aliupapasa ukuta kwanza kabla ya kukaa kitandani. Akaniuliza, "Mwanangu, umepaka lini?" Nikamwambia juzi. Akanusa, akanusa tena, akavua viatu akajilaza.

Ukuta huu hauoshwi kwa kitambaa kibichi kama ule wa plastiki, ukiusugua unatoka. Baada ya miezi michache karibu na swichi pakawa na alama za vidole. Bahati nzuri wakati wa kazi nilipima kila kitu kwa mizani, unga na rangi ya udongo niliyouchanganyia, nikaandika. Nilikoroga vijiko vichache vya unga uliobaki, nikapaka pale tu, na kilipokauka kiraka sikukiona tena. Kopo la unga liko juu ya kabati, limefungwa lisiingie unyevu, na karatasi ya vipimo nimeibandika kwenye kifuniko.