Jiwe langu la mbinguni

Tangu ile pete ya chuma ianguke kijijini Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, kila mtu huku kwetu amekuwa mtaalamu wa anga. Ile haikuhitaji mtaalamu. Pete ya kilo 500, mviringo kamili, upana wa mita mbili na nusu? Jiwe halijichongi hivyo. Shirika la Anga la Kenya lilisema, kwa uchunguzi wa awali, ni kipande cha roketi.

Jiwe langu nililipata nikilima: bonge jeusi, dogo kuliko ngumi, zito ajabu. Jirani akaniambia nisiliguse, eti kimondo, jiwe lililoanguka kutoka angani, hukaa na moto siku nzima. Uongo. Kimondo kimetoka kwenye baridi kali, kinaungua ngozi ya nje tu kwa sekunde chache. Kitu cha kuogopa kukigusa ni mtungi wa roketi, maana unaweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu.

Nikang'oa sumaku kwenye spika mbovu, nijue kama kweli ni kimondo. Ta! Ikanata. Usiku ule sikulala, nilishakiuza kimondo na kununua pikipiki kichwani. Baadaye ndipo nikajua kwamba sumaku hunata kwenye takataka nyingi, na vipande vya roketi vya alumini au titani haivishiki kabisa.

Jaribio la pili najivunia, kwa sababu halikunigharimu hata shilingi. Niliokota kigae alichoacha fundi wa choo, nikakipindua, upande ule wa chini usiong'aa, nikalisugua bonge langu hapo. Mawe mengi meusi ya chuma hujisaliti: mstari mwekundu kama kutu, au mweusi kama penseli. Langu halikuacha kitu. Nikaongeza kofia ya pikipiki.

Mpwa wangu akalikata pembeni kwa grainda. Nilitarajia ndani kijivu, vichembe vya chuma viking'aa, na ganda jeusi jembamba kwa nje. Tukakuta matundu. Matundu tele, kama mkate ulioumuka vizuri! Kimondo karibu kamwe hakina mapovu ndani.

Nikampelekea nyanya akiwa anachambua maharagwe. Hakuliinua hata.

"Haya ni mavi ya chuma, mjukuu wangu, takataka ya mfua chuma. Baba ya babu yako alikuwa akifua majembe pale pale unapolima."

Sasa linazuia mlango wa jikoni. Mpwa wangu bado ananidai pesa ya diski ya grainda.