Aiskrimu iliyokataa kuganda
Umeme ulikatika mchana, na watoto nimeshawaahidi aiskrimu. Nikazamisha sufuria ya maziwa na sukari kwenye beseni la barafu, nikakoroga nusu saa nzima: uji mtupu, tena mwepesi. Kumbe barafu inayoyeyuka hubaki nyuzi 0, na maziwa yenye sukari hugandia chini ya hapo. Nikamwagia barafu chumvi ya mawe, kikombe kimoja kwa vitatu. Chumvi huyazuia maji kuganda tena, barafu inazidi kuyeyuka, na kuyeyuka huko hunyonya joto. Mchanganyiko huweza kushuka hadi karibu nyuzi -21 za Selsiasi. Beseni likaota utando mweupe kwa nje, mwiko ukaanza kukwama. Ila sufuria ifunikwe vizuri. Kijiko changu cha kwanza kilikuwa chumvi tupu.