Sare kwenye kamba

Nina wiki tatu Kigoma, baada ya miaka 11 Nairobi. Asubuhi ya kwanza nilimfuata mdogo wangu mwaloni Katonga. Mitumbwi ya usiku ilikuwa imeshafika, naye yuko chanjani anatandaza dagaa kwa viganja, taratibu, wasilaliane. Zamani tulianika mchangani, na dagaa mwenye mchanga bei yake mnaijua. Sasa kikundi chao kina chanja za waya, wamejenga kwa mkopo wa halmashauri: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, bila riba. Nilifurahi mno. Kisha nikakumbuka kilichomfikisha pale, nikanyamaza.

Alikuwa kidato cha tatu alipopata mimba, mwaka uleule niliosafiri. Hesabu hakuna aliyemfikia darasani. Walimpima, wakamfukuza, basi. Mama aliikunja sare yake akaitia sandukuni, ikakaa humo mpaka panya wakaimaliza.

Kule Nairobi nilipanga nyumba moja na binti aliyejifungua akiwa kidato cha pili. Alirudi darasani, akamaliza, na nilipomjua anasomea uuguzi. Nilipomweleza habari za mdogo wangu alinitazama kama nimemsimulia mambo ya enzi za bibi yake. Kenya waliruhusu mabinti hao kurudi tangu 1994. Malawi 1993, Zambia 1997. Hata ndugu zetu wa Zanzibar walitutangulia. Sisi Bara tulikuja kuruhusu Novemba 2021. Malawi na Zambia tunachangia nao mipaka, Kenya tunauziana nao mahindi na vitunguu kila siku ya Mungu, lakini jambo hili hatukwenda kuwauliza mlifanyaje. Miaka 27 nyuma ya Kenya! Ni wasichana wangapi hao? Mimi namjua mmoja, na bado inaniuma.

Nyumba ya pili kutoka kwetu kuna binti wa miaka 17 aliyerudi kidato cha pili mwaka huu. Juzi niliona kwenye kamba yao sketi ya shule imeanikwa, pembeni yake nepi sita. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka.

Ila si kwamba mambo yamenyooka. Mama yake anauza samaki, alfajiri yuko mwaloni. Mtoto ana miezi minane. Nani abaki naye? Wiki iliyopita binti alikosa shule siku mbili kwa sababu hiyo tu, na hilo hakuna waraka unaolitatua. Hapo ndipo natamani tuwaulize tena majirani: nyie mtoto mlimweka wapi mama yake akiwa darasani?

Mdogo wangu hakungoja jibu. Alimwambia yule mama, "Mlete hapa kwetu, tupo wanawake tisa, hatakosa mgongo." Wamefunga turubai pembeni ya chanja, wametandika mkeka, wamepangana zamu.

Jumatatu ni zamu yangu.